Adabu ya wakili si kunyamaza

Kabla ya mahakama za serikali, Warundi walikuwa na Bashingantahe, wazee wa kusuluhisha. Mushingantahe alikula kiapo mbele ya jamii, na fimbo yake ya intahe ilimkumbusha kusema kweli bila kumpendelea mtu.

Hapa kwetu Bujumbura, mawakili nao wamewahi kupimwa kwa mizani hiyo. Julai 2011 wakili Suzanne Bukuru alikamatwa kwa tuhuma za kushiriki ujasusi, baada ya kuwasaidia waandishi wa habari Wafaransa kuzungumza na wateja wake. Wenzake hawakujifanya hawaoni. Isidore Rufyikiri, rais wa Chama cha Mawakili, alidai hadharani aachiwe. Naye akatiwa mbaroni, akishutumiwa kuwatusi mahakimu. Wote wawili waliachiwa mwezi Agosti. Lakini Januari 2014 Mahakama ya Rufaa ya Bujumbura ilimfuta Rufyikiri katika orodha ya mawakili kwa sababu ya kauli zake za hadharani.

Funzo letu sisi na watoto wetu ni hili: kutukana ni jambo moja, kukosoa ni jingine. Wakili anatakiwa amheshimu hakimu, asimdhalilishe mpinzani na atunze siri ya mteja. Lakini heshima hiyo haimwamuru anyamaze mwenzake akiwa gerezani.

Basi mtoto akitamani kusomea sheria, tumfunze yote mawili: ulimi wenye staha, na moyo usiomtupa mwenzake.