Jaji Aombaye Kura, Asiyeruhusiwa Kuomba Fedha

Septemba 2009, wakili wa Tampa, Florida, aitwaye Lanell Williams-Yulee aliandika barua kutangaza kwamba anawania ujaji wa kaunti ya Hillsborough. Ndani yake aliomba mchango wa kampeni: dola 25, 50, 100, 250 au 500, kila mtu kwa uwezo wake. Akatia sahihi, akaituma kwa wapiga kura na kuiweka kwenye tovuti yake. Barua hiyo haikuleta hata senti moja. Kwenye kura za mchujo akashindwa na jaji aliyekuwa kitini. Kisha chama cha mawakili cha jimbo kikamfungulia shauri la nidhamu, kwa sababu mgombea ujaji Florida haruhusiwi kuomba fedha yeye mwenyewe.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, la ajabu si barua bali jaji kuomba kura. Kwetu jaji huteuliwa na Rais. Hatujazoea kuona picha yake imebandikwa kwenye nguzo ya umeme.

Wamarekani nao hawakuanza hivyo. Mwanzoni majaji wengi wa majimbo waliteuliwa na gavana au bunge. Mississippi ndiyo iliyotangulia, mwaka 1832, kuamua majaji wake wote wapigiwe kura. Mfaransa Alexis de Tocqueville, aliyeizunguka nchi hiyo wakati huohuo, alionya kitabuni mwaka 1835 kwamba mambo hayo yatazaa matunda machungu. Hakusikilizwa. Mtikisiko wa fedha wa 1837 uliyaacha majimbo na madeni ya mifereji na reli, wananchi wakawachoka wabunge wao, wakataka majaji wasiodaiwa fadhila na bunge wala gavana. New York ilifuata mwaka 1846, na majimbo mengi yakaiga.

Walikuwa wameruka majivu wakakanyaga moto. Jijini New York jaji hakupata kiti bila tiketi ya chama, na tiketi za Tammany Hall, genge la wakubwa wa chama cha Democratic, zilikuwa mfukoni mwa William Tweed. Tweed alipoanguka, jaji wake George Barnard alivuliwa wadhifa mwaka 1872. Mwenzake Albert Cardozo alijiuzulu mwaka huohuo kabla panga halijamfikia. Mwanawe, Benjamin, wakati huo alikuwa mtoto mdogo. Mwaka 1932 ndiye aliyeingia Mahakama ya Juu ya Marekani, na jina la Cardozo likasafishika.

Basi ikabuniwa dawa iliyoonekana rahisi: jina la chama lifutwe kwenye karatasi ya kura. Kaunti ya Cook, penye jiji la Chicago, ilijaribu mapema, mwaka 1873. Minnesota ikaifanya sheria mwaka 1912. Mwaka mmoja baadaye William Howard Taft, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais, aliwalalamikia mawakili wenzake kuhusu mtindo huo: chama kikiondoka, mgombea analazimika kujinadi mwenyewe, na anayejua kujinadi si lazima ajue sheria. Nadhani Taft aliona mbali, ingawa hakuwa na dawa mbadala ya kumridhisha mpiga kura.

Florida ilifuta vyama katika uchaguzi wa majaji mwaka 1971. Hata ada ya mgombea inalionyesha hilo: mgombea wa chama hulipa asilimia 6 ya mshahara wa mwaka wa kiti anachokiwania, asiye na chama asilimia 4, kwa kuwa zile 2 ni fungu la chama. Lakini miaka ileile ya 1970 mahakama ya juu ya jimbo ilichafuka. Jaji Joseph Boyd, aliyepewa kwa siri waraka ulioandikwa na wakili wa upande mmoja wa kesi iliyokuwa mbele yake, alieleza kwamba aliuchanachana akausukuma kwa maji chooni. Wenzake wawili walijiuzulu mwaka 1975. Yeye alibaki, na baadaye akawa Jaji Mkuu wa jimbo! Mwaka 1976 wananchi wakakubali majaji wa rufaa wawe wa kuteuliwa. Majaji wa kaunti, wanaosikiliza madai madogo na makosa ya barabarani, wakabaki kwenye sanduku la kura. Mwaka 2000 wapiga kura waliulizwa kama nao wateuliwe. Walikataa jimbo zima, kaunti baada ya kaunti.

Kwa kuwa majaji hao bado huomba kura, kanuni ya kuomba fedha ni kali. Shauri la Williams-Yulee lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, Washington, na tarehe 29 Aprili 2015 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba Florida ina haki ya kumkataza. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kuwa jaji si mwanasiasa, hata akipata kiti kwa kura. Adhabu ikabaki palepale: karipio la hadharani na gharama za shauri, dola 1,860.

Majaji wa upande wa pili waliikodolea macho kanuni yenyewe. Kamati ya kampeni ya mgombea inaruhusiwa kuomba michango. Mgombea anaruhusiwa kujua nani katoa na kiasi gani. Anaruhusiwa pia kumwandikia mtoaji barua ya shukrani, na kuitia sahihi kwa mkono wake.