Simon Birch: Filamu iliyozaliwa na riwaya bila kurithi jina lake

Aliyekwisha kusoma A Prayer for Owen Meany, riwaya ya Mmarekani John Irving iliyochapishwa mwaka 1989, atalitafuta bure jina la Owen katika filamu ya Simon Birch. Jina hilo liliondolewa kwa matakwa ya Irving mwenyewe, aliyeona kwamba hadithi yake ilikuwa imebadilishwa mno.

Filamu hiyo, iliyoandikwa na kuongozwa na Mark Steven Johnson, ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 1998. Inasimulia urafiki wa watoto wawili mwaka 1964 katika mji mdogo wa jimbo la Maine. Simon amezaliwa na umbo dogo kupita kiasi. Joe hamjui baba yake. Simon anaamini kuwa Mungu amemuumba hivyo kwa kusudi maalumu, imani inayowakera watu wazima, akiwamo mchungaji wa mji. Siku moja mpira wa besiboli alioupiga Simon unamuua mama yake Joe, na urafiki wao unaingia majaribuni.

Ajali hiyo imo pia katika riwaya, lakini mwisho ni tofauti. Owen anakua, anakuwa askari, na mwaka 1968 anapoteza maisha akiwaokoa watoto wa Kivietinamu. Vita vya Vietnam, vilivyobeba hasira ya kisiasa ya Irving, havimo katika filamu. Simon anafikwa na saa yake angali mtoto, baada ya basi lenye watoto kutumbukia majini.

Kilichoipa filamu uzito ni mwigizaji wake mkuu, Ian Michael Smith. Mtoto huyo alizaliwa na ugonjwa wa Morquio, unaoathiri ukuaji wa mifupa. Hivyo ulemavu unaoonekana haukuigizwa, tofauti na desturi ya miaka mingi ya kuwapa nafasi hizo waigizaji wasio na ulemavu.

Nchini Tanzania, Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilibaki na jina lake ilipofanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Irving naye aliandika mwenyewe filamu ya riwaya yake nyingine, The Cider House Rules, na kazi hiyo ikamletea tuzo ya Oscar mwaka 2000.