Ndugu wa Tumbo Moja, Ndugu wa Imani

Bibi harusi anayevuka bahari kwenda kukaa ukweni Misigiri, kule Iramba mkoani Singida, huenda akakuta majirani, pengine hata mawifi, ambao ni Wakristo. Atawasikia wakiitana ndugu, hata wasiochangia baba wala mama. Naye akiitwa hivyo, aitike? Sisi tunaona aitike.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Paulo aliandika nyaraka zake kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, na waumini akawaita adelphoi, yaani waliotoka tumbo moja. Kisarufi ni neno la kiume, ingawa wanawake walikuwemo: akiwaandikia Warumi, Fibi anamwita dada, na mama yake Rufo anamhesabu kuwa mamake pia. Kiswahili hakina tabu hiyo. Ndugu ni wa kike na wa kiume.

Na Kiswahili hicho cha vitabu vyao kimepikwa hapa hapa Unguja! Edward Steere, aliyefika 1864, alisaidiwa na masheikh wetu. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu.

Udugu wa imani nasi tunao, Surat al-Hujurat imeutaja, lakini haukufuta ule wa damu. Asmaa bint Abubakar alitembelewa na mamake, ambaye alikuwa bado mshirikina. Akamuuliza Mtume (S.A.W.) afanyeje, akaambiwa amuunge mamake.