Dirisha la Treni ya Kuchezea na Pembe ya Ndovu Kutoka Kwetu

Leo hatuongei siasa wala mpira. Leo ni dirisha. Tena dirisha dogo, hata halifiki ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Vumilia kidogo, hii stori inafika mbali.

Mwezi uliopita nilikuwa Toi nikitafuta jaketi ya mtush. Chini ya rundo la midoli nikaona behewa la treni. La bati, rangi imechubuka, na chini limeandikwa kwamba limetengenezwa Uingereza. Muuzaji akaitisha soo tano, tukavutana mpaka soo tatu na finje. Nilipofika nyumbani ndio nikahesabu vizuri: madirisha kumi na mawili, matano hayana kioo kabisa. Yale saba yaliyobaki yamegeuka rangi ya chai ya rangi.

Nikampelekea guka. Huyu mzee aliingia karakana ya reli hapa Nairobi mwaka wa 1966, enzi za East African Railways, na hata baada ya shirika kuvunjika 1977 akabaki kwa reli mpaka akastaafu. Akaligeuza mkononi, akapitisha kidole kwa yale mashimo, akaniuliza, "Sasa hii gari nani atapanda?"

Nikamwambia guka, wacha likae hivyo, hiyo ndio historia yake.

"Historia haizuii abiria kunyeshewa," akasema.

Hapo ndipo tulianza kubishana, na ndio maana nimekaa wiki tatu nikisoma kuhusu vioo vya treni za kuchezea. Usicheke. Cheki nilichopata.

Kwanza, dirisha lilikuwa rangi tu

Treni za kuchezea zilianza kuwa biashara ya maana Ujerumani. Mwaka wa 1891 kampuni ya Märklin ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni zinazoendeshwa kwa springi, na reli zake zikiwa na vipimo maalum. Hiyo ndio ilifanya mtoto aweze kununua behewa moja leo na lingine Krismasi ijayo, na yote yakae kwa reli moja. Uingereza, Frank Hornby, yule jamaa wa Meccano, alianza kuuza treni zake mwaka wa 1920 kutoka Liverpool.

Nyingi za treni hizo zilikuwa bati lililochapishwa picha. Milango, misumari, madirisha, yote ilikuwa wino. Mengine yalichapishwa hadi sura za abiria wakiwa wameketi ndani. Dirisha la aina hiyo haliwezi kupotea, kwa sababu halikuwahi kuwepo.

Lakini mtoto si mjinga. Anajua dirisha ni kitu cha kuchungulia. Kwa hivyo behewa zuri zaidi, la bei zaidi, lilikatwa matundu ya kweli. Sasa swali likawa: unaweka nini kwa hilo tundu? Kioo halisi ni kizito, kinavunjika, na kukikata vipande vidogo hivyo ni kazi. Kulihitajika kitu chepesi, kinachokatwa kwa makasi, na kinachopitisha mwanga. Kitu hicho kiliitwa seluloidi.

Hapa ndipo ndovu wetu wanaingia

Rudi nyuma kidogo. Katika karne ya 19 wazungu na Wamarekani walikuwa na njaa kubwa ya pembe za ndovu. Walitaka vitufe vya piano, vipini vya visu, vitana, na zaidi ya yote mipira ya biliadi. Pembe laini ya Afrika Mashariki ilipendwa sana kwa kazi hizo. Kulikuwa na miji miwili midogo huko Connecticut, Deep River na Ivoryton, iliyoishi kwa kukata pembe, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilipitia Zanzibar.

Kabla hazijafika Zanzibar zilitembea, na zilitembea kwa mabega ya watu. Wakamba walikuwa wakizileta Mombasa kutoka bara. Kivoi wa Kitui, aliyeuawa mwaka wa 1851 akiwa safarini na mmisionari Krapf karibu na mto Tana, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa njia hiyo. Upande wa Tanganyika misafara ilitoka Ujiji na Tabora ikashuka hadi Bagamoyo. Wengine walibeba kwa malipo. Wengine walikuwa watumwa, wakauzwa pamoja na mzigo waliobeba.

Pembe ikapanda bei. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya New York iliyotengeneza meza za biliadi ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi yake. John Wesley Hyatt, fundi wa kuchapisha huko Albany, akaanza kujaribu. Uingereza, Alexander Parkes alikuwa tayari ameonyesha plastiki yake London mwaka wa 1862, lakini haikumlipa. Hyatt na ndugu yake walichukua pamba iliyotiwa asidi, wakaichanganya na kafuri, wakaikandamiza kwa joto. Mwaka wa 1870 wakapata hataza. Wakaiita seluloidi.

Kafuri, kama umekulia Pwani, unaijua kwa jina la karafuu maiti. Nilisugua kioo kimoja cha lile behewa kwa kidole mpaka kikapata joto, nikakinusa. Manze, kafuri. Treni ya mtoto wa Uingereza, imetua Toi, na inanukia mazishi ya Pwani.

Usinielewe vibaya. Seluloidi haikuwaokoa ndovu. Mipira yake ya biliadi haikuwa mizuri sana, na pembe ziliendelea kuuzwa kwa miongo mingi. Lakini seluloidi yenyewe ilienea kila mahali: kola za shati, wanasesere, filamu za sinema, na hatimaye karatasi nyembamba angavu iliyokatwa na kubandikwa nyuma ya dirisha la behewa. Kwa hivyo mtu akiniambia treni za kuchezea ni mambo ya wazee wa Uingereza, namuuliza, kwani hiyo kazi ilianzishwa na hitaji la nini, na pembe zilitoka wapi?

Mbona vioo vinapotea?

Seluloidi inazeeka vibaya. Inakuwa ya manjano, inasinyaa, inapasuka. Ikifika mbali inatoa gesi ya asidi ambayo inakula bati lililo karibu. Halafu inashika moto haraka sana. Msee, tafadhali usiijaribu na kiberiti ati unataka kuona kama ni yenyewe. Harufu inatosha.

Baadaye ikaja asetati, ambayo haiwaki kirahisi, lakini nayo inajikunja. Mwaka wa 1950 kampuni ya Rovex huko Uingereza ilitoa seti ya treni ya plastiki, na mabehewa yake ya asetati yakaja kupinda kama ndizi. Rovex ilinunuliwa na Lines Bros, wenye jina la Tri-ang, wakahamia polistirini. Hiyo inamwagwa kwenye umbo ikiwa moto na inatoka angavu kabisa, kama kioo. Haisinyai ovyo. Shida yake ni gundi: baada ya miaka mingi gundi inakauka, inaachia, na kioo kinaangukia ndani. Mtoto akisukuma kwa kidole, kwisha. Ndio maana ukipata treni kuukuu, magurudumu yapo, paa lipo, na vioo ndivyo havipo.

Nilivyoharibu, kisha nikatengeneza

Nilianza kwa ujinga. Nikakata kipande cha plastiki kutoka kwa boksi la keki, nikakipaka supaglu, nikakibandika. Asubuhi nikapata dirisha limeingia ukungu mweupe, na katikati yake, wazi kabisa, alama ya kidole changu.

Kumbe ndivyo supaglu inavyofanya. Mvuke wake unapatana na unyevu, unaganda na kuacha unga mweupe, na unapenda kugandia pale palipo na mafuta na jasho la kidole. Polisi wa uchunguzi hutumia mvuke huohuo kuinua alama za vidole kwenye vitu. Nilijikamata mwenyewe.

Mara ya pili nikafanya hivi. Nikafungua behewa polepole, nikatoa gundi ya kale kwa kijiti cha meno, nikasafisha kingo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Nikapima kila tundu kwa kipande cha karatasi, kwa sababu matundu hayalingani hata kama macho yanakudanganya. Nikaenda saiba pale mtaani, nikanunua ile plastiki angavu wanayoweka juu ya ripoti wakizifunga, karatasi moja kwa mbao. Ni nyembamba, ni tambarare, na inakatwa kwa wembe na rula. Usitumie chupa ya soda. Imepinda na itabaki imepinda. Kata kubwa kuliko tundu kidogo, ushike kingo tu ili usiache vidole. Halafu gundi nyeupe ya mbao, tone dogo sana kwenye pembe, kwa kijiti. Inaingia nyeupe, inakauka bila rangi. Ukikosea, unailainisha kwa maji na kuanza upya.

Na kama dirisha ni dogo mno, la milimita chache, huhitaji plastiki. Chovya kijiti kwa gundi hiyohiyo, zungusha kwenye kingo, kisha uivute katikati mpaka ifunike tundu kama povu la sabuni. Iache ikauke. Inabaki utando angavu.

Sasa, tubadilishe au tuache?

Kuna kambi mbili. Wakusanyaji wanasema usiguse, ukiweka kioo kipya umeua thamani. Mafundi wanasema treni ni ya kutembea, ipe kioo iende. Mimi nilianza kambi ya kwanza, guka kambi ya pili.

Kilichonigeuza ni jumba la makumbusho ya reli hapa Nairobi. Kuna behewa pale ambalo usiku mmoja wa Juni 1900 lilisimama Kima. Ndani yake alikuwa afisa wa polisi, Charles Ryall, akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, mlango ukajifunga nyuma yake, na akatoka na Ryall kupitia dirishani. Ukisimama pale nje, unachotafuta kwa macho si paa wala magurudumu. Unatafuta dirisha. Bila dirisha, hilo ni sanduku la mbao tu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Yale matano yaliyo wazi, nimeyawekea plastiki ya saiba. Yale saba ya manjano sijayagusa, mpaka yaanze kula bati. Kipande kimoja kilichokuwa kimevunjika ndani nimekiweka kwa bahasha ya karatasi, mbali na behewa, na nimeandika juu yake tarehe na mahali nilipokitoa. Mtu akiliona behewa, anajua mara moja lipi la kale na lipi langu. Sijamdanganya.

Guka alipoliona akacheka. "Kama mdomo wa mzee aliyewekwa meno ya dukani." Kisha akanyamaza kidogo, akaanza kuniambia kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema. Kule karakana, behewa likifa, walikuwa wanatoa vioo vyake kutengeneza lililo hai. Vioo vya abiria wa daraja la kwanza vikaishia daraja la tatu. Ilifanyika miaka na miaka.

Nikamuuliza, "Mliandika mahali?"

"Tuandike ya nini? Gari ilikuwa inangojwa."

Hilo ndilo limenikaa kichwani. Waingereza wana vitabu vinavyoeleza kila rangi na kila skrubu ya treni za kuchezea za watoto wao. Sisi mabehewa yetu ya kweli, yale yaliyobeba mama zetu kwenda Kisumu na Mombasa, mengi yamebaki kwenye vichwa vya wazee kama guka. Sasa tunapanda Madaraka Express, dirisha halifunguki, ni sawa, hewa ni baridi na safari ni fupi. Lakini muulize mtu wa miaka kumi na sita vile dirisha la treni ya kale lilishushwa ukinunua ndizi stesheni. Hajui, na hakuna aliyemwandikia.

Nimeanza kumrekodi guka kwa simu, kila Jumapili baada ya chakula. Kama una mzee wa reli kwenu, au wa meli, au wa posta, fanya hivyo kabla ya mwaka kuisha. Usimuulize maisha yake yote kwa mkupuo, atachoka. Mpe kitu mkononi, hata kama kimeharibika, umuulize kilikuwa kinatengenezwaje.

Na lile behewa? Amelichukua, liko juu ya televisheni yake. Jana alilikaribisha jichoni, akachungulia kupitia lile dirisha jipya, akanigeukia.

"Umeweka vioo vizuri. Sasa viti viko wapi?"