Kupata mtoto kwa yai la mwanamke mwingine

Katika vijiji vingi vya Meru na Embu, ndoa ikipita miaka miwili au mitatu bila mtoto, lawama aghalabu humwangukia mke. Wapo wanandoa ambao hufikia kuuza mashamba ya kahawa au miraa kugharimia matibabu. Kabla ya kuchukua hatua hiyo, yafaa wafahamu ni tiba ipi inayolingana na tatizo lao.

Mojawapo ya tiba hizo ni kutumia yai lililotolewa na mwanamke mwingine. Yai hilo huunganishwa na mbegu za mume katika maabara, kisha kiinitete hupandikizwa katika mji wa mimba wa mke. Mtoto wa kwanza aliyetungwa maabarani alizaliwa Uingereza mwaka wa 1978. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa aina hiyo mwaka wa 2006, jijini Nairobi.

Tiba hii humfaa mwanamke ambaye ovari zake hazitoi tena mayai yanayofaa, lakini ambaye mji wake wa mimba ungali mzima. Huenda umri umesonga, ovari ziliondolewa au zikaharibiwa na dawa za saratani, au hedhi ilikoma kabla ya kutimiza miaka 40, hali inayompata takriban mwanamke mmoja kati ya 100.

Hata hivyo, mwanamke ambaye mirija yake imeziba kutokana na maambukizi huenda bado ana mayai mazuri, na hahitaji ya mwingine. Aidha, ikiwa kasoro iko katika mbegu za mume, yai la kutolewa pekee halitaiondoa. Ndiyo maana wote wawili hupaswa kupimwa kwanza.

Mtoaji huwa mwanamke kijana mwenye afya njema. Hupimwa virusi vya HIV, homa ya ini, kaswende na magonjwa ya kurithi kama vile selimundu. Kisha hudungwa sindano za homoni kwa siku 10 hivi ili mayai kadhaa yakomae kwa pamoja. Daktari huyavuta kwa sindano nyembamba huku mtoaji akiwa amepewa dawa ya kutuliza maumivu. Wakati huo mpokeaji hutumia homoni za kuutayarisha mji wa mimba. Kiinitete hupandikizwa baada ya siku tatu hadi tano, na majuma mawili baadaye hupimwa kama mimba imeshika.

Haishiki kila mara. Umri wa mtoaji ndio huamua zaidi ubora wa yai, lakini hata yai la kijana laweza kushindwa. Mtoaji naye yumo hatarini: ovari zinaweza kuvimba kupita kiasi, au akavuja damu. Mpokeaji huwa katika hatari zaidi ya shinikizo la damu wakati wa ujauzito.

Kuna pia swali la ukoo. Miongoni mwa Waembu, watoto hurithi majina ya babu na nyanya wa pande zote mbili. Mtoto huyu hubebwa na kuzaliwa na mke, ilhali chembe za urithi za upande wa kike ni za mtoaji. Ni heri wanandoa waafikiane mapema watamwambia nini mtoto, na mtoaji awe ametia sahihi kwamba hatamdai.

Kwa miaka mingi Kenya haikuwa na sheria mahususi kuhusu huduma hii, na mbunge Millie Odhiambo alidhamini mswada wa mwaka wa 2022 kuisimamia. Kwa hivyo, ushauri wa wakili ni muhimu kabla ya kutia sahihi mkataba wowote.

Kliniki nyingi za tiba hii zimo Nairobi, na gharama hufikia mamia ya maelfu ya shilingi. Lakini safari haianzii huko. Huanza kwa daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa ya Meru au Embu, mume na mke wakiwa wameandamana.