Ugali wa Udaga na Mchuzi wa Nyanya katika Nchi ya Mara

Kitajwapo chakula cha unga kiliwacho kwa nyama na mchuzi wa nyanya, mawazo ya wasomaji wengi huvuka bahari yakatua Italia, penye makaroni. Hapana kosa katika safari hiyo, walakini nyanya ilikuwa mgeni huko pia. Ilitoka Amerika, ikatazamwa kwa shaka muda mrefu, na mchuzi wake uliandikwa Napoli na Antonio Latini mwishoni mwa karne ya 17. Hata hivyo ilipita yapata miaka mia kabla ya mchuzi huo kuandikiwa makaroni vitabuni. Chakula ambacho leo huitwa urithi wa mababu wa Kiitalia kina umri mdogo kuliko majumba mengi ya mji ule.

Katika nchi ya Mara tambi zinajulikana, nazo huuzwa madukani Musoma na Bunda, lakini si chakula ambacho mtu aliyekaa mbali na kwao hukitamani usiku. Akitamani, hutamani ugali. Wakurya huuita obokima, na majirani zao wa ziwani wana jina la ukoo mmoja na hilo. Ugali huo si mweupe. Hupikwa kwa unga wa udaga uliochanganywa na mtama au ulezi, ukawa wa rangi ya udongo, mzito, wenye kunata na harufu ya uchachu kidogo. Na kando yake, siku ya neema, huwekwa nyama iliyochemshwa ikaungwa kwa vitunguu na nyanya. Siku nyingine huwa ni samaki au dagaa, maana ziwa li karibu na ng'ombe hachinjwi kila siku.

Katika sahani hiyo, ni nini kilicho cha asili? Mtama, ulezi na ng'ombe ni vya Afrika tangu kale. Muhogo na nyanya vyote viwili vilitoka Amerika, na muhogo uliletwa katika bara hili na Wareno tangu karne ya 16. Nusu ya chakula kinachosifiwa kuwa cha wazee, basi, wazee wa wazee hawakukijua. Nyama yao waliila kwa namna nyingine, na namna moja ingali hai: kichuri. Mbuzi au ng'ombe akichinjwa, majani yaliyo tumboni mwake hukamuliwa, maji yake huchujwa na kuchemshwa, pengine kwa nyongo, yakawa mchuzi mchungu. Mgeni huushangaa. Aliyeuzoea husema kwamba nyama isiyo na uchungu ule ni kama imepikwa ikasahauliwa katikati. Mchuzi mwekundu ulikuja kukaa karibu na mchuzi huo bila kuufukuza, kila mmoja ukiwa na siku yake na walaji wake.

Lakini habari ya muhogo ndiyo nzito zaidi, nayo yafaa ielezwe kwa jina la mtu. Yapata mwaka 1860, katika Uzanaki, mtoto wa Burito alizaliwa wakati viwavi walipokuwa wameifunika nchi, akaitwa Nyerere, ndilo jina la viwavi hao kwa lugha ya kwao. Baadaye alikuwa mtemi wa Butiama mpaka alipofariki mwaka 1942, na ulimwengu ukalijua jina lake kwa sababu ya mwanawe. Wengi walitamkao hawafikiri kwamba wanataja shamba lililoliwa. Viwavijeshi hula mimea ya ukoo wa nyasi, na mtama, ulezi na mahindi vyote ni vya ukoo huo. Jeshi lao huweza kulimaliza shamba kwa siku chache. Muhogo si nyasi. Viwavi huupita, na hata nzige akila majani yake, chakula chenyewe kimefichwa ardhini, nacho hungoja mwaka mzima au zaidi mpaka mwenye jembe atakapokitaka.

Hapo ndipo palipokuwa na hoja. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki, na magharibi ya Serengeti ilipatwa na njaa kubwa, hata watu wakaenda Usukuma kutafuta chakula. Kumbukumbu ya mambo ya namna hii ilifanya muhogo upate nafasi. Katika zama za utawala wa Waingereza amri za serikali nazo ziliongezwa: watu walishurutishwa kupanda muhogo uwe akiba ya njaa. Kilichopandwa kwa amri hakipendwi upesi, na muhogo ukapata sifa ya kuwa chakula cha shida, sifa ambayo haijautoka kabisa. Hata hivyo, Kambarage, aliyezaliwa mwaka 1922, alipokuwa mtoto Butiama alishika jembe katika mashamba ya mtama, mahindi na muhogo, kabla ya kupelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Muhogo ulikuwa umekwisha kuwa jirani wa mtama shambani; si ajabu ukawa jirani wake chunguni. Ukame ulipoipata nchi katika miaka ya 1973 hadi 1975, serikali ya mtoto huyo, aliyekuwa sasa Rais, iliwahimiza wakulima kwa wito wa kilimo cha kufa na kupona, na muhogo na mtama vikahimizwa tena kama mazao yavumiliayo jua.

Amri, hata hivyo, haifanyi chakula. Muhogo mchungu una sumu, na kuiondoa ni kazi, na kazi hiyo katika nchi ya Mara imekuwa ya wanawake. Mizizi humenywa, huanikwa kidogo, kisha hurundikwa na kufunikwa mpaka uvundo uingie na ukungu uote. Ukungu hukwanguliwa, vipande hukatwakatwa, huanikwa tena mpaka vikauke kabisa, ndipo vitwangwe au visagwe. Kosa la haraka laweza kumdhuru mlaji. Nani alipatanisha udaga na mtama, ili mnato wa mmoja ushikamane na ladha ya mwingine? Majina yao hayamo katika vitabu vya watawala, ambavyo vilijua kuhesabu mashina tu.

Nyanya haikuhitaji amri wala kuondolewa sumu. Ilihitaji maji na soko, na kwa hiyo imestawi mabondeni, kando ya ziwa, na penye barabara. Bunda, iliyo katika njia kuu itokayo Mwanza, ni mahali pa kuiona kwa mafungu, vilima vidogo vyekundu juu ya magunia, na mnunuzi huchukua fungu moja pamoja na vitunguu, kisha huenda kwa mwuza nyama.

Butiama, mji wa mawe makubwa, hana haja ya jamvi mwenye muhogo wa kuanika. Vipande vyeupe hutandazwa juu ya miamba yenye joto, na mtoto huwekwa kivulini na fimbo mkononi, awafukuze mbuzi.