Kutoka Ajabu hadi Takwimu: Historia ya Muungano wa Martin na Gruber katika Kigasha

Vitabu vingi vya anatomia huichora mishipa ya fahamu ya mkono kana kwamba watu wote wameumbwa kwa kigezo kimoja. Neva ya mediani hushuka katikati ya kigasha, neva ya alna hupita upande wa kidole cha mwisho, na kila moja hufuata njia yake hadi kiganjani. Mwaka 1763, mwanaanatomia wa Uswidi Roland Martin alieleza hali iliyo tofauti: tawi linaloiacha neva ya mediani na kuvuka kigasha hadi kwenye neva ya alna.

Kuona, hata hivyo, si kuhesabu. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1870, Wenzel Gruber, mzaliwa wa Bohemia aliyefundisha anatomia St Petersburg, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa vigasha 250. Aliukuta muungano huo katika 38, yaani asilimia 15.2. Kwa hesabu hiyo, kilichoweza kudhaniwa kuwa ajabu ya maumbile kikawa sehemu ya maumbile ya kawaida.

Uzito wa kitabibu ulidhihirika zaidi baada ya mwaka 1948, Hodes, Larrabee na German walipochapisha vipimo vya kasi ya mawasiliano ya neva za binadamu kwa njia ya umeme. Palipo na muungano huo, neva ya alna ikichochewa kiwikoni hutoa mwitikio hafifu kuliko ikichochewa kifundoni, na tabibu asiyeujua aweza kudhani kuwa neva imeziba njiani. Vilevile, jeraha la neva ya alna karibu na kiwiko laweza kuacha baadhi ya misuli ya kiganja ikifanya kazi, na ukubwa wa jeraha ukafichika.

Historia hii ina funzo kwa sera. Asilimia ya Gruber ilitokana na meza za kuchunguzia maiti za Ulaya ya karne ya 19. Haifai kuwa kipimo cha kila jamii. Vyuo vya tiba vya Afrika Mashariki hupasua maiti kwa ajili ya mafunzo kila mwaka. Tofauti zinazoonekana humo zikiandikwa kwa utaratibu mmoja na kuhifadhiwa pamoja, daktari wa upasuaji atakuwa na takwimu za watu anaowatibu. Zisipoandikwa, huzikwa pamoja na maiti.